Kompyuta ya baiskeli ya bei nafuu ilivyotupimia njia ya shule Babati

Babati ni mji ambao wengi wetu tunaujua kupitia dirisha la basi. Basi la kutoka Arusha kwenda Dodoma au Singida linasimama stendi dakika chache, abiria ananunua karanga au mahindi ya kuchoma, anainua macho kuutazama Mlima Kwaraha, kisha konda anapiga bodi la gari na safari inaendelea. Kabla usingizi haujarudi, mji umeshabaki nyuma.

Ukiwa juu ya baiskeli mambo ni tofauti. Unagundua kwamba mji huu umekaa juu, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na barabara zake zina tabia zinazotofautiana kama watoto wa tumbo moja. Ya Arusha inakuteremsha hadi Magugu, kwenye joto na mashamba ya mpunga. Ya Dodoma, ambayo lami yake ilizinduliwa mwaka 2018, inakupandisha kupitia Bonga kuelekea milima ya Bereko na Kondoa. Ya Singida inakupeleka Dareda, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Hii ya Arusha na Dodoma ni kipande cha ile Barabara Kuu ya Kaskazini iliyokusudiwa kuunganisha Cape na Cairo, na waendesha baiskeli wa msafara wa Tour d'Afrique, ulioanza mwaka 2003, wamekuwa wakipita ukanda huu wakitoka Cairo kwenda Cape Town. Kwa hiyo mzungu mwenye nguo za kubana na baiskeli nyembamba hamshangazi mtu sana. Dada wa Kitanzania aliyevaa helmeti saa kumi na mbili asubuhi ndiye anayeulizwa maswali.

"Dada, unashindana na nani?" aliniuliza mwendesha bodaboda mmoja karibu na stendi, siku yangu ya pili. Nikamwambia nashindana na kidude hiki, nikamwonyesha kwenye usukani. Alikitazama, akaniuliza kama kinapiga simu. Nikasema hakipigi. Akaniuliza kama kina redio. Nikasema hakina. Akacheka, akawasha pikipiki akaondoka.

Nilikwenda Babati mwezi Desemba, wakati mabasi ya kaskazini yanajaa, kumtembelea dada yangu mkubwa ambaye ameolewa huko. Baiskeli yangu ilisafiri kwenye buti la basi. Nilikuwa najiandaa kwa safari ya kilomita 100 kwa siku moja tuliyopanga na wenzangu wa Arusha, na nilitaka pia kukijaribu kifaa ambacho wasomaji wa ukurasa huu wamekuwa wakiniulizia: kompyuta ya baiskeli yenye GPS, ya bei ya chini. Nilichonunua mimi, kupitia muuzaji wa mtandaoni wa Kariakoo, kilinigharimu shilingi 95,000 pamoja na kutumiwa. Zile za kampuni kubwa zinazovaliwa na wanariadha wa kulipwa zinafika mara kumi ya bei hiyo, na zaidi.

Ni kidude kidogo kuliko kiberiti viwili vikiwekwa pamoja, chenye skrini isiyo na rangi na vitufe vitatu. Hakina ramani. Kinaonyesha mwendo kasi, umbali, muda, mwinuko na saa. Kinachajiwa kwa waya uleule wa simu nyingi za sasa, na chaji moja ilinitosha wiki nzima ya kuendesha kati ya saa moja na mbili kwa siku.

Swali la kwanza la dada lilikuwa la kifedha, kama ilivyo kawaida yake. "Mdogo wangu, hicho kinakula bando?"

Hakili. Jambo hili wengi hatulijui, hata kwenye simu zetu. GPS ni redio inayosikiliza tu. Satelaiti zinazozunguka juu yetu, kwenye kimo cha takriban kilomita 20,200, zinatangaza muda wote saa kamili na mahali zilipo. Kifaa kinapokea matangazo hayo, kinapima mawimbi yametumia muda gani kufika, kisha kinakokotoa kilipo chenyewe. Kinahitaji kusikia satelaiti nne au zaidi. GPS yenyewe ni ya Marekani, lakini vifaa vingi vya siku hizi husikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na ndiyo maana hata kidude cha bei ya chini hakipati shida sana kujua kilipo. Zamani Wamarekani walikuwa wakiyapunguzia makali kwa makusudi matangazo wanayopewa raia, hadi Mei 2000 Rais Bill Clinton alipoamuru utaratibu huo usitishwe. Bando linaliwa pale tu unapohamishia kumbukumbu za safari kwenye programu ya simu na kuzituma mtandaoni, nalo ni dogo.

Asubuhi ya kwanza nilitoka nacho hadi Ziwa Babati. Hapo ndipo nilipogundua kwamba saa yake ilikuwa ya mahali pengine kabisa, kilionyesha mchana wakati jogoo walikuwa wakiwika. Inabidi uingie kwenye mipangilio ukiambie kwamba Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia. Hata baada ya hapo kinasema 6:15 wakati wewe na mimi tunajua ni saa kumi na mbili na robo. Hilo halina mpangilio wa kulirekebisha.

Ziwa asubuhi ni zuri kiasi cha kukusahaulisha mazoezi. Wavuvi wanarudi na mitumbwi, akina mama wanasubiri perege na kambale, na ukungu unatoka juu ya maji taratibu. Lakini viboko wapo, na kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani na kurudi alfajiri. Wenyeji waliniambia nisikaribie matete kabla jua halijapanda, na usikaidi neno la mwenyeji kuhusu kiboko. Nilibaki kwenye barabara ya juu.

Siku iliyofuata niliteremka Magugu. Kando ya barabara kuu kuna vibao vya kilomita, na hicho ndicho kipimo kizuri cha bure cha kifaa kama hiki. Nilikianzisha kwenye kibao kimoja, nikahesabu vibao 10, nikatazama: kilomita 9.97. Kwa shilingi 95,000 sina la kulalamika. Mita 30 katika kilomita 10 ni tofauti inayoweza kuletwa hata na kuhama upande wa barabara kukwepa mashimo.

Mwinuko ni habari nyingine. Nilipotoka nyumbani kwa dada kiliandika namba moja, niliporudi palepale mlangoni kiliandika nyingine, tofauti ya mita 23. Sababu yake ni ya kimaumbile. Satelaiti zote ziko juu yako, hakuna iliyo chini ya miguu yako, kwa hiyo makosa ya kwenda juu na chini huwa makubwa kuliko ya kwenda kushoto na kulia. Vifaa ghali huongezewa kipima hewa kusaidia. Changu, ukikiamini, kingekuambia nyumba ya dada huwa inapanda na kushuka.

Namba niliyoichukia kabisa ni ya kalori. Kifaa hiki hakijui moyo wako unapiga vipi kama hujanunua mkanda wa kifuani wa kukiunganisha nacho. Kinachukua uzito uliouandika na mwendo kasi, kinakisia. Kwa hiyo nikiteremka Magugu, ambako kwa kweli nilikuwa nimekaa tu nikishika breki, kilinipongeza kwa kuchoma kalori nyingi kila dakika. Nikirudi, nikipanda zaidi ya mita 300 nikihema, jua la saa nne mgongoni, mwendo wa kilomita 11 kwa saa, kikaniona mvivu. Mzazi unayetaka kupunguza uzito, namba hiyo iache. Usiipangie chakula.

Hata wastani wa mwendo kasi, ambao vijana wa vikundi vya baiskeli hutumiana kwa majigambo, hauna maana kubwa katika mji wa milima kama huu. Nilikuwa na wastani wa kilomita 27 kwa saa kwenda Magugu na 13 kurudi, nami ni mtu yuleyule. Ninachokitazama sasa ni muda. Moyo na mapafu havijui kilomita. Vinajua umevisumbua kwa dakika ngapi na kwa nguvu gani. Na nguvu unaweza kuipima bila kifaa chochote: kama unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko kwenye kiwango cha wastani. Ukishindwa hata kumaliza sentensi, uko juu ya hapo.

Safari ya Dareda nitaieleza kwa kifupi, kwa sababu upepo wa uso ulinimaliza. Unafika chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, barabara ya kwenda Dongobesh na Mbulu inapanda mbele yako, na unajiona mdogo. Nilikaa karibu na ukuta huo nikinywa maji. Baadaye nilipotazama mchoro wa safari kwenye simu, kidude kilikuwa kimenichora nikizungukazunguka kama mlevi wakati nilikuwa nimekaa juu ya jiwe. Ukuta ulikuwa umeziba karibu nusu ya anga, na mawimbi yanayogonga mwamba kabla ya kukifikia kifaa hukichanganya.

Hayo ndiyo niliyokwenda kuyajaribu. Jambo lililonifanya niandike makala haya lilianza jioni ya siku ya tano, tukiwa tunakula ugali na mlenda.

Binti wa dada yangu, mwenye miaka 13, alikuwa amemaliza darasa la saba na amepangiwa kidato cha kwanza kwenye shule ya sekondari ya kata. Ada hakuna tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, lakini shule iko mbali na haina bweni. Dada alisema ni kilomita nne. Shemeji akasema si chini ya nane. Mtoto alisema anataka baiskeli. Mama yake akasema hapana, malori ya barabara ya Dodoma hayamjui mtoto wa mtu. Shemeji akapendekeza bodaboda, shilingi 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Dada akaweka kijiko chini.

Mzazi mwenye binti anajua kwa nini aliweka kijiko chini. Bodaboda ya kulipiwa kila siku ni shilingi 3,000, kwa siku 20 za masomo ni 60,000 kwa mwezi, na mwezi fedha ikikosekana ndipo zinapoanza zile lifti za bure. Dada ana duka dogo la vitenge na anayasikia mengi kaunta pale. Hakuyasema mbele ya mtoto. Alisema tu, "Lifti ya bure ina bei yake."

Kutembea nako si kazi nyepesi. Mtoto anayetoka nyumbani gizani, akatembea zaidi ya saa nzima, akakaa darasani hadi mchana bila kitu cha maana tumboni, kisha akarudi hivyohivyo, ndiye tunayemwita mvivu anaposinzia kwenye hesabu.

"Mama mdogo," mtoto akaniambia, "si una kile kipimo?"

Kesho yake saa kumi na mbili kasoro nilitoka na shemeji. Yeye alikuwa na Phoenix ya marehemu baba yake, nzito kama kitanda lakini imara. Tuliifuata njia ya kawaida. Kidude kilisema kilomita 6.3 hadi lango la shule. Kwa hiyo wote wawili walikosea, na niliona shemeji anafurahi kwamba dada alikosea zaidi. Tulitumia dakika 27 kwa mwendo ambao mtoto angeumudu.

Lakini namba iliyokuwa na maana haikuwa hiyo. Nilikuwa nimebonyeza kitufe cha kugawa safari tulipoingia barabara kuu na tena tulipotoka. Kipande cha lami kilikuwa kilomita 1.9, na tulikitumia kwa dakika saba na nusu. Kwa dakika hizo saba na nusu tulipitwa na malori manne, mabasi mawili na bajaji nisizohesabu, mara mbili tukalazimika kushuka kwenye bega la barabara lenye kokoto. Kulikuwa bado na giza. Wazo la "barabara ni hatari" lilikuwa limepata urefu. Si kilomita sita za hatari. Ni moja na pointi tisa.

Hofu ya dada haikuwa ya mama mwoga. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilisema watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Mwenye baiskeli hana bodi la kumkinga wala mkanda wa kumshika.

Tukarudi kwa njia nyingine. Shemeji, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na amezunguka vijiji vingi kwa miguu, alikumbuka njia ya ng'ombe inayopita nyuma ya mashamba ya mahindi na mbaazi. Inakata barabara kuu mara moja tu, mahali palipo na matuta ya kupunguza mwendo, kisha inaingia mashambani. Ni njia ya vumbi, ina mchanga sehemu moja na korongo sehemu nyingine. Kilomita 7.2. Dakika 34. Kwenye lami: mita ishirini za kuvuka.

Jioni hiyo niliihamisha michoro ya safari zote mbili kwenye simu ya dada. Alikaa nayo muda mrefu, akiikuza kwa vidole. Aliuliza nyumba zilizopo njiani ni za nani. Shemeji akamtajia moja baada ya nyingine: kwa mzee fulani, kwa mama anayeuza maziwa, kanisani, kwenye mashine ya kusaga. Sehemu moja ya kama mita 800 haikuwa na nyumba, mahindi tu pande zote mbili. Dada akaweka kidole hapo. Kidude hakikuwa na jibu la hapo, na sisi hatukuwa nalo pia. Ila shemeji alikumbuka kwamba kuna wasichana wengine wawili waliopangiwa shule hiyohiyo wanaoishi njia hiyo.

Nikiwa bado na simu ya dada mkononi, nikaona jambo ambalo ningependa kila mzazi alijue. Programu nyingi za mazoezi huweka safari zako hadharani usipozizuia, na mchoro wa safari huanzia mlangoni kwako. Mwaka 2018 ramani ya programu maarufu ya Strava, iliyokusanya safari za watumiaji wake duniani kote, ilibainika kuwa imeanika hadi mizunguko ya mbio za askari ndani ya kambi za kijeshi. Kama kambi ilionekana, njia ya mtoto wa kike anayepita mashambani saa ileile kila asubuhi itaonekana pia. Nenda kwenye mipangilio ya faragha, funga safari zionekane kwako peke yako, na uzime kinachoonyesha mwanzo na mwisho wa safari. Ni kazi ya dakika mbili. Mimi nilifanya zaidi ya hapo, nilifuta mchoro wa njia ya shule kabisa baada ya dada kuuona. Ulikuwa umeshafanya kazi yake.

Dada naye hakunusurika. Ana miaka 41, na kliniki walishamwambia presha yake imeanza kupanda, apunguze chumvi na afanye mazoezi. Jibu lake siku zote ni kwamba yuko kwa miguu kutwa nzima dukani. Nikamwomba akiweke kidude mfukoni mwa gauni siku moja, nikakipanga kisimame chenyewe kila anaposimama. Alikwenda sokoni, dukani, kwa fundi cherehani, akarudi. Kilihesabu dakika 17 za mwendo.

"Kimeharibika," alisema.

Hakijaharibika. Kusimama kaunta kunachosha miguu lakini hakumfanyishi moyo kazi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wafanye mazoezi ya nguvu ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Dakika 17 mara siku sita ni 102, na tena si zote alikuwa akitembea haraka. Habari njema iliyomo kwenye mwongozo huo ni kwamba sharti la zamani la kufanya angalau dakika 10 mfululizo ili zihesabiwe liliondolewa. Dakika tano za kupanda mlima kwenda kwa jirani zinaingia. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 kiwango ni wastani wa dakika 60 kila siku, na hapa ndipo nilipomwonyesha dada kwamba dakika 34 za kwenda shule na 34 za kurudi zinazidi hapo hata kabla mtoto hajagusa mpira wa netiboli. (Mwenye dawa za presha aendelee nazo na azungumze na daktari kabla ya kubadili chochote. Mazoezi hayafuti kidonge.)

Tangu siku hiyo tulianza kutembea naye jioni kwenye barabara ya juu ya ziwa, tukigeuza kabla ya giza kwa heshima ya viboko. Alikataa kubeba kidude. Alisema kinamwangalia.

Je, ununue? Kama una baiskeli tayari na unafanya mazoezi kwa mpango, kifaa cha bei hii kinatosha. Umbali na muda wake ni wa kuaminika, chaji inadumu, na kinaiacha simu yako mfukoni badala ya kuirusha kwenye lami pale utakapopita shimo. Kilipigwa na mvua ya Bonga kwa nusu saa hakikufa. Kasoro zake nimeshazitaja, nyingine ni kwamba asubuhi kinaweza kuchukua dakika mbili hadi tatu kutafuta satelaiti, hivyo kiwashe uani kabla hujavaa viatu. Maandishi yake ni madogo kwa mtu wa miaka 50 aliyesahau miwani.

Kama huna helmeti na taa, fedha yako ianzie huko. Nalisema hili bila kupepesa macho, maana nimewaona barabara ya Magugu vijana wenye simu za bei mbaya kwenye usukani na vichwa wazi. Helmeti iliyokaa sawasawa hupunguza sana uwezekano wa kuumia vibaya kichwani. Taa nyekundu ya nyuma inamwambia dereva wa lori kwamba upo. Na kama unachotaka ni kupima njia ya mtoto mara moja tu, simu yako ina GPS ileile. Washa programu ya bure ya kurekodi safari, iweke mfukoni, pita njia hiyo saa ileile ambayo mtoto ataipita. Saa ni muhimu kuliko kifaa. Njia ya saa nne asubuhi na njia ya saa kumi na mbili kasoro si njia moja, hata kama ramani inasema hivyo.

Siku mbili kabla sijaondoka, baiskeli ikanunuliwa: ya mtumba, ya Kijapani, yenye kikapu mbele, shilingi 160,000 baada ya shemeji kubishana na muuzaji hadi wote wawili wakachoka. Fundi alibadilisha raba za breki, akakaza spoku, akashusha siti ili miguu ya mtoto ifike chini, akafunga kengele na taa ya nyuma. Helmeti niliigharamia mimi. Tukapita njia ya mashambani wote watatu, mtoto mbele, baba yake katikati, mimi nyuma. Kwenye mchanga alishuka akasukuma bila kuambiwa. Kwenye korongo alisimama, akatazama chini, akamuuliza baba yake mvua ikinyesha watavukaje.

Shemeji alimwambia mvua ikijaa korongo hatavuka. Siku hiyo atapelekwa na bodaboda ya jirani mmoja ambaye mkewe ni rafiki wa dada, na atalipiwa yeye mwenyewe jioni, si mtoto kupewa fedha mkononi. Dada aliongeza masharti yake usiku: waende watatu pamoja na wale wasichana wa njiani, na asitoke kabla hakujaanza kupambazuka, hata kama mwalimu wa zamu atamwandika. Shemeji aliahidi kwenda kuzungumza na mkuu wa shule kuhusu muda wa kufika, shule zikifunguliwa Januari.

Kidude nimekiacha Babati kwa mwezi mmoja. Mtoto amepewa kazi ya kukiwasha asubuhi na kukizima akifika, na baba yake anakitazama jioni. Namba ya kwanza waliyonitumia, ya siku walipofanya jaribio na wale wasichana wawili, ilikuwa kilomita 7.2, dakika 41. Chini yake shemeji aliandika kwamba dakika saba zilizoongezeka ni za kumsubiri mmoja wao afungwe kamba za viatu na mama yake.